Ameacha unga, msimlazimishe aache na dawa

Kuna swali ambalo wazazi huniuliza mara kwa mara wanapomsindikiza binti yao kliniki. Huwa linakuja hivi: “Daktari, mwanangu ameacha unga, huu ni mwaka wa pili. Anakula, amenawiri, anatusaidia kazi. Sasa lini ataacha na hiyo methadoni, ili na sisi tuseme amepona?”

Ni swali la mzazi anayempenda mwanawe na aliyechoka. Amechoka kuibiwa, kuamshwa usiku na kuulizwa maswali na majirani. Anataka siku moja aweze kusema mambo yamekwisha. Hata hivyo, ndani ya swali hilo kuna hatari, na nimeona tuizungumze waziwazi wiki hii, hasa kwa upande wa wanawake. Mwanamke aliyewahi kutumia unga hubeba mizigo miwili: ugonjwa wenyewe, na jamii inayomsamehe kaka yake mapema kuliko inavyomsamehe yeye.

Msimamo wangu ni huu. Mwanamke anayekunywa methadoni yake kila siku, asiyegusa unga, anayelea mtoto wake na kujitafutia riziki, amekwisha kurudi kwenye maisha. Kumtaka aache dawa ili athibitishe kwamba amepona ni kumsukuma kurudi alikotoka. Safari hii anaweza asirudi akiwa hai.

Kwa nini unga hauachwi kwa kufungiwa chumbani

Unga, yaani heroini, ni wa jamii ya afyuni. Ukiingia mwilini hufika haraka kwenye ubongo, na nguvu yake huisha baada ya saa chache. Mtu aliyekwisha kuuzoea hulazimika kuutafuta tena na tena kwa siku moja. Akiukosa, inakuja arosto: mafua na machozi, miayo isiyoisha, mifupa kuuma, tumbo kukata, kuharisha, kutapika na kukosa usingizi. Mtu akifika hapo, hatumii tena kwa starehe. Anatumia ili aweze kusimama.

Familia nyingi hujaribu kumfungia ndani siku saba au kumi. Arosto hupungua kweli, na kila mtu hushukuru. Lakini mabadiliko yaliyotokea kwenye ubongo hayaondoki kwa siku kumi. Hukaa miezi na hata miaka. Hamu huweza kuamshwa na kitu kidogo tu: kupita kwenye maskani ya zamani, kupata fedha mkononi, kugombana na mtu, au kusikia sauti ya rafiki waliyekuwa wakitumia pamoja. Ndiyo maana wengi wanaofungiwa hurudia, na ndugu husema hana nia. Nia anaweza kuwa nayo, na ugonjwa ukawa bado unamzidi.

Methadoni nayo ni ya jamii hiyo ya afyuni, na hapa ndipo watu husema, “Mmemtoa kwenye unga mkampa unga mwingine.” Tofauti iko kwenye namna inavyofanya kazi. Methadoni ya kunywa hupanda taratibu na hudumu mwilini kwa zaidi ya saa 24. Dozi ikishapangwa vizuri, mgonjwa hapati arosto, halewi, na hamu hupungua sana. Anapata siku nzima ya kufanya mambo mengine. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini kila siku hatumwambii kwamba ni teja wa insulini. Tunamuuliza sukari yake ikoje.

Dawa hii iliingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Hapa kwetu kliniki ya methadoni ilianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoa mingine ikiwemo Mbeya, Dodoma, Mwanza na Tanga. Huduma hutolewa bure katika kliniki za Serikali. Mgonjwa huanza na dozi ndogo, huongezwa taratibu, na hunywa mbele ya mhudumu.

Hatari ya kuacha kwa kulazimishwa

Mtu anapotumia unga kila siku, mwili huzoea dozi kubwa ambayo ingemuua mtu mwingine. Anapokaa bila unga na bila methadoni, mazoea hayo hupotea ndani ya siku chache hadi wiki chache. Akirudia siku moja kwa dozi ileile aliyoizoea zamani, kupumua kunaweza kusimama. Wengi hufa namna hii muda mfupi baada ya kutoka gerezani, kutoka kwenye nyumba ya upataji nafuu, au kukatisha methadoni.

Mwaka 2017 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti za nchi kadhaa, nyingi zikiwa nchi tajiri, uliohusu watu zaidi ya 120,000 waliowahi kupewa methadoni. Walipokuwa kwenye dawa, walikufa watu 11 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Walipokuwa wameacha dawa, walikufa 36 kwa kila 1,000. Na wiki nne za kwanza baada ya kuacha zilikuwa za hatari zaidi. Nawaomba wazazi mzikumbuke namba hizo mbili kabla ya kumwambia binti yenu, “Kama kweli umepona, acha na hiyo.”

Je, wapo wanaomaliza dawa? Wapo. Hupunguziwa kidogo kidogo, kwa miezi mingi, wakiwa wametulia kwa muda mrefu, wana mahali pa kuishi, wana shughuli, na wameomba wenyewe. Wapo pia watakaoinywa miaka mingi, na hao hawajashindwa. Uamuzi huo ni wa mgonjwa na kliniki yake. Mama mkwe, mjumbe wa nyumba kumi, wala mchumba mpya hawana kura.

Mwanamke kwenye foleni

Ukipita asubuhi kwenye kliniki ya methadoni utaona wanaume wengi na wanawake wachache sana. Wanawake wanaotumia wapo, ila wamejificha. Wengi walianzishwa na mwanaume waliyeishi naye, na yeye ndiye anayewanunulia au anayewapeleka kutafuta fedha. Wengi wameuza miili yao ili kupata cha siku. Tafiti zilizofanyika Dar es Salaam zimeonyesha zaidi ya mara moja kwamba wanawake wanaojidunga wana maambukizi ya VVU kwa kiwango cha juu kuliko wanaume wanaojidunga. Mwanamke wa namna hii anaogopa kliniki kwa sababu anaogopa kuonekana, na anaogopa kunyang'anywa mtoto.

Nitoe mfano. Si habari ya mtu mmoja. Nimeunganisha mambo ya wagonjwa kadhaa ili asitambulike yeyote. Mama wa miaka thelathini na kidogo ana mwaka mmoja na nusu kwenye methadoni. Vipimo vyake vya mkojo ni safi. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anawahi dawa, kisha anakwenda kuuza chapati na maharage. Anaishi kwa mama yake, ambaye ndiye aliyemlea mtoto tangu akiwa na miezi minane. Mtoto sasa ana miaka sita. Bibi anamwita “mama”, na mama yake mzazi anamwita “dada”. Nyumbani mkoba wa bibi unafichwa kila yeye anapoingia. Kikipotea kijiko, macho yote yanamgeukia. Siku ya kikao cha harusi ya mdogo wake aliambiwa abaki nyuma aoshe vyombo, watu wasimwone.

Mwanamke huyo hana arosto. Anachoumwa sasa hakiko kwenye kikombe cha dawa. Kliniki inaweza kumtuliza mwili, lakini haiwezi kumpa cheo chake nyumbani. Mkiendelea kumnyima cheo hicho, mahali pekee atakapoitwa kwa jina lake bila kuangaliwa mkononi ni maskani alikotoka.

Mwamini kwa hatua

Simwambii mzazi asahau. Mtungi wa gesi uliuzwa, vitenge viliuzwa, simu ya baba iliuzwa. Hasira hiyo ni ya haki. Lakini kumfungia milango yote kwa miaka mingi hakumlindi mtu yeyote. Kumkabidhi kila kitu wiki ya kwanza nako si busara. Njia iliyo katikati ni kumwamini kwa hatua, na hatua hizo zijulikane na pande zote mbili.

Anza na kidogo. Mtume dukani na shilingi elfu mbili, arudi na chenji. Baada ya wiki kadhaa mwachie fedha ya sokoni. Baadaye mwachie nyumba kwa mchana mmoja. Kila hatua ikienda vizuri, mwambie kwamba umeiona. Ikiharibika, rudini hatua moja nyuma bila kuivunja ngazi yote.

Kwenye mtaji, ni salama zaidi kuanza na vitu kuliko fedha taslimu: mkaa, unga wa ngano, mafuta, karai. Fedha nyingi mkononi ni mojawapo ya mambo yanayoamsha hamu, na wagonjwa wenyewe hutuambia hivyo. Mpe muda, mkubaliane ni lini ataanza kushika hesabu mwenyewe.

Kuhusu mtoto, msimficha mama, na msimrudishe mtoto kwa mkupuo. Aanze kumwogesha, kumlisha, kumpeleka shule, kulala naye chumba kimoja bibi akiwepo. Mtoto akiuliza, mwambieni maneno yanayolingana na umri wake: mama alikuwa anaumwa, sasa anatibiwa, na ugonjwa wake haukuletwa na wewe. Msisubiri aambiwe na watoto wenzake njiani kwamba mama yako ni teja. Neno hilo lenyewe liondoke nyumbani kwenu, hata kwa utani.

Kama mwenzi wake bado anatumia, lizungumzeni mapema. Ama aingie naye kwenye matibabu, au yeye apate mahali pengine pa kulala. Ni vigumu sana kuacha unga kwenye chumba ambacho mwingine anaupika.

Akipata ujauzito

Wanawake wengi wanaotumia unga huvurugika hedhi, wakadhani hawawezi kuzaa tena. Wakianza methadoni na kula vizuri, hedhi hurudi, na mimba huweza kuingia kabla hata hawajajua. Kwa hiyo, dada, zungumza kuhusu uzazi wa mpango tangu mwezi wa kwanza wa dawa.

Ukipata mimba ukiwa kwenye methadoni, usiache dawa. Arosto kali wakati wa ujauzito inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati au kuharibu mimba, na kurudia unga ni hatari zaidi kwa wote wawili. Miezi ya mwisho huenda dozi ikahitaji kuongezwa, kwa kuwa mwili wa mjamzito huitumia dawa haraka. Hiyo haina maana kwamba umeanza kuharibika upya.

Mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na dalili za arosto katika siku za mwanzo: kulia sana kwa sauti kali, kutetemeka, kunyonya kwa shida, kuharisha. Dalili hizo zinatibika. Jifungulie hospitali, waambie wakunga ukweli, na kubali kubaki wodini siku kadhaa ili mtoto aangaliwe. Mama aliyetulia kwenye methadoni na asiyetumia unga anaweza kunyonyesha. Dawa inayopita kwenye maziwa ni kidogo. Kama una VVU, fuata pia maelekezo ya kliniki yako kuhusu dawa na unyonyeshaji. Nawaomba wakunga wenzangu: mama huyu amekuja kwa sababu anataka mtoto wake awe salama. Tukimsimanga siku hiyo, mimba inayofuata atajifungulia nyumbani.

Mambo ya usalama msiyoyapuuza

Methadoni ni dawa yenye nguvu. Kiasi anachokunywa mama yake bila shida kinaweza kumuua mtoto. Kama mgonjwa ameruhusiwa dozi ya nyumbani, ifungiwe kwa ufunguo, na isiwekwe kwenye chupa ya soda au ya juisi hata kwa dakika moja.

Asichanganye methadoni na pombe wala vidonge vya usingizi kama diazepamu. Kila kimoja hupunguza upumuaji, na vikikutana vinaweza kuusimamisha. Mkiona anasinzia kupita kiasi au anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Akianza dawa za kifua kikuu, kliniki zote mbili zijue. Rifampisini hupunguza methadoni mwilini, na mgonjwa anaweza kupata arosto ingawa hajakosa dozi. Wengi huacha dawa za kifua kikuu kwa sababu hiyo, wakati kilichohitajika ni kurekebishiwa dozi.

Akikosa methadoni siku tatu mfululizo au zaidi, asinywe dozi yake ya zamani kabla ya kupimwa upya.

Na mkimkuta ameishiwa fahamu, midomo imebadilika rangi, anapumua kwa kuvuta mara mojamoja au hapumui: mwiteni, msugueni kwa nguvu kwenye mfupa wa kifua, ombeni msaada wa usafiri. Kama hapumui, mpulizieni pumzi mdomoni. Kama anapumua, mlazeni ubavu. Msimnyweshe maziwa wala maji. Mfikisheni hospitali na semeni ukweli kwamba huenda ni unga au methadoni. Kuna dawa iitwayo naloksoni inayorudisha upumuaji ikiwahi. Hata akizinduka, asiondoke mapema, kwa sababu naloksoni huisha mwilini kabla ya methadoni.

Akiteleza

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Wapo watakaorudia unga siku moja baada ya miezi mizuri. Siku hiyo ndiyo inayopima familia. Mkimtoa nje na virago vyake, siku moja itakuwa mwaka. Mkinyamaza kana kwamba hakuna kilichotokea, napo mnamwacha peke yake. Mpelekeni kliniki kesho yake asubuhi. Huenda dozi ni ndogo, huenda kuna jambo limemsumbua, huenda amekutana na mtu. Tunatafuta sababu na kuirekebisha, kama tunavyofanya presha inapopanda kwa mgonjwa aliyekuwa vizuri.

Tunachowadai wengine

Mzigo huu usiachiwe familia peke yake. Kliniki zetu zinahitaji kumfikiria mwanamke: mahali pa kusubiri asikosongwa na wanaume aliotumia nao, uzazi wa mpango na huduma ya mama na mtoto chini ya paa moja, na muda wa kunywa dawa unaomwezesha kuwahi kazini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu wagonjwa waliotulia kupewa dozi za kwenda nazo nyumbani. Mwanamke mwenye mtoto mchanga na biashara ya asubuhi anastahili kuwa wa kwanza kufikiriwa, mradi ana mahali salama pa kuitunza.

Waajiri, mwenye saluni, mwenye mgahawa, fundi cherehani: mtu huyu anaweza kufika saa tatu badala ya saa moja kwa sababu anapitia dawa. Mkubaliane saa zake, mpime kwa kazi anayoifanya. Viongozi wa dini na wa mitaa: mnaposifu mtu aliyeacha unga, msimuulize mbele za watu kama bado anakunywa methadoni. Wapo walioacha dawa kwa aibu ya swali hilo.

Mzazi ambaye bado binti yake yuko kwenye unga, usisubiri aguse chini. Ulizia kliniki ya methadoni katika hospitali ya rufaa ya mkoa wako, au asasi zinazowafuata watumiaji maskani. Wengi hufikishwa kwetu na asasi hizo. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nayo ina simu ya bure, 119.

Na wewe dada unayesoma haya ukiwa umesubiri zamu yako ya dawa: kunywa dozi yako, nenda ukafanye kazi. Kama nyumbani wamekubana uache, usibishane nao peke yako. Waambie waje kliniki siku ya miadi yako inayofuata, na sisi tutawaeleza. Kuongea na ndugu zako ni sehemu ya kazi yetu.